Kifaa cha kusoma hitilafu za gari kwa simu: uzoefu wangu na Premio iliyokuwa inamisi

Kwa mwenye gari anayekaa Moshi au Arusha na amechoka kubadilishiwa spea kwa kubahatisha, nasema kinunue. Ila kwanza ujue kinakuambia nini na hakikuambii nini, maana wengi wanakilaumu kwa kazi ambayo si yake.

Gari langu ni Premio ya mwaka 2010, injini 1NZ-FE ya lita 1.5. Lilianza kumisi, yaani silinda haiunguzi mafuta inavyotakiwa. Likisimama linatetemeka mpaka unausikia usukani mkononi, na nikipandisha kuelekea Kibosho nguvu zinakatika hata ukanyage mafuta vipi. Taa ya cheki injini ikawaka, na kwenye mlima ikaanza kupepesa. Kupepesa huko ndiko kwa kuogopwa. Taa ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida una nafasi ya kufika nyumbani ukapime. Ikipepesa, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuunguza masega ya ndani (kile kichujio cha kusafisha moshi), na masega ni ghali kuliko koili. Punguza mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama.

Fundi niliyemwendea alinitajia plagi zote, koili zote (zinazozipa plagi umeme wa cheche), kusafisha nozeli (zinazopulizia petroli), na ikibidi pampu ya mafuta. Huenda kimojawapo kingemaliza tatizo. Lakini "tubadilishe tuone" inalipiwa na mwenye gari, na mimi nilitaka kuona kwanza, kisha ndiyo nibadilishe.

Kifaa chenyewe, kinachosoma kompyuta ya gari, ni kile cha ELM327 cha Bluetooth, nilichouziwa shilingi 25,000. Vingi vinavyouzwa kwa bei hiyo ni nakala, na ubora wake haulingani. Unakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, unawasha swichi, unakiunganisha na simu ya Android, halafu unafungua programu. Mimi natumia Car Scanner, ile ya bure inatosha. Nikapata namba P0303. P0300 maana yake injini inamisi bila kubainisha silinda. P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda yenyewe. Kwangu ilikuwa ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa mikanda.

Wengi wanakosea hapa: wanasoma P0303 na kukimbilia dukani. Namba hiyo haijasema koili imekufa. Imesema silinda ya tatu haiunguzi vizuri, basi. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, waya, hata valvu au kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda).

Kwa bahati nzuri injini hii ina koili moja juu ya kila plagi, kwa hiyo kipimo kizuri kuliko vyote ni cha bure. Subiri injini ipoe. Piga picha namba ya hitilafu pamoja na takwimu zilizohifadhiwa nayo, maana ukifuta vyote vinapotea. Fungua bolti ya koili kwa spana namba 10, hamisha koili ya tatu uiweke ya pili, na ya pili uiweke ya tatu. Usiguse kingine chochote. Futa hitilafu, kisha uliendeshe gari mahali lilipokuwa linasumbua, maana koili dhaifu mara nyingi huvumilia tambarare na kushindwa mlimani. Mimi nilirudi njia ya Kibosho. Hitilafu ikahama, ikawa P0302. Hapo hakuna ubishi tena: ni koili.

Ingebaki P0303, ningehamisha plagi kwa njia ileile, na ikigoma tena ningekwenda kwenye nozeli, halafu kupima kompresheni. Kabla ya kufungua plagi, puliza vumbi kwenye shimo lake, hasa ukikaa kwenye barabara za vumbi kama sisi, kwa sababu mchanga ukidondoka ndani ya silinda umejiletea kazi nyingine. Angalia pia kama shimo lina oili au maji. Wanaoosha injini kwa maji ya presha wanaweza kujikuta na misi siku hiyohiyo. Na ile tabia ya kuchomoa koili injini ikiwa inaunguruma siipendi kabisa: umeme wake ni mkali, na petroli mbichi inakwenda moja kwa moja kwenye masega.

Nilinunua koili moja, nikabadilisha plagi zote nne kwa kuwa ncha zake zilikuwa zimelika na nafasi imepanuka, na gari likatulia.

Kasoro za kifaa zipo. Muunganisho wa simu hukatika mara kwa mara, ukaanza upya. Na programu yangu haisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa. Kukiacha kimechomekwa usiku kucha kunanyonya betri, kwa hiyo mimi nakichomoa kila mara. Pia usisome takwimu kwa haraka: silinda ikimisi, hewa isiyotumika inapita hadi kwenye sensa ya oksijeni, na simu itakuonyesha kana kwamba mafuta ni machache wakati pampu ni nzima. Nahisi pampu nyingi zimebadilishwa bure kwa sababu hiyo.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Mwenye gari la Japani la miaka ya mwanzo ya 2000 awe mwangalifu zaidi: baadhi yake, yaliyotengenezwa kwa soko la kwao, hayazungumzi na vifaa hivi bila kubadilisha mipangilio ya programu, na mengine hayatoi kabisa namba za kumisi. Nenda dukani na gari lako, ukichomeke palepale, na ulipe baada ya simu kuonyesha mizunguko ya injini.