Persepolis na mwongozaji wa kukodi: pesa sizijutii

Kati ya pesa zote tulizotumia Shiraz, Iran, za mwongozaji ndizo nisizozijutia hata kidogo. Teksi ya kwenda Persepolis, magofu ya makao ya wafalme wa kale wa Uajemi, mwendo wa kama kilomita 60, utaipata kwa bei nafuu zaidi, lakini dereva atakushusha getini akuache na mawe yasiyosema. Sisi tulimchukua bibi mmoja mwenyeji, wa makamo, aliyesomea historia, na gari lake mwenyewe.

Ngazi 111 za kuingilia alitupandisha taratibu. Vipandio vyake vifupi, mama yangu mwenye magoti mabovu alipanda bila kushikwa mkono. Tulipofika Lango la Mataifa Yote, alilojenga mfalme Xerxes, akatuuliza: huyu alikipataje kiti cha ufalme?

Swali hilo tulitembea nalo asubuhi nzima. Baba yake, Darius, mwenyewe hakuwa mtoto wa mfalme. Alitwaa ufalme mwaka 522 KK, akamwoa Atossa, binti wa mfalme Cyrus, naye akamzaa Xerxes. Lakini kabla ya hapo alikuwa na wana kwa mke mwingine, na mkubwa wao, Artobazanes, alijiona ndiye mrithi. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Demaratus, mfalme wa Sparta aliyekimbilia Uajemi, alimpa Xerxes hoja: mwenzako alizaliwa baba akiwa raia, wewe umezaliwa baba akiwa mfalme. Herodotus huyohuyo anaona hata bila hoja hiyo Xerxes angepita, kwa sababu nguvu zote alikuwa nazo Atossa. Mama akasema, "Bibi huyo hakulala, mwanangu."

Kisha mwongozaji akatoa daftari akatusomea maandishi ya Xerxes yaliyofukuliwa papo hapo Persepolis. Anakiri kwamba Darius alikuwa na wana wengine, ila kwa mapenzi ya Ahuramazda, mungu wao mkuu, baba alimfanya yeye mkuu baada yake. Mamaye hamtaji kabisa. Badala yake anakumbusha kwamba Darius alipopewa ufalme, baba yake na babu yake wote walikuwa hai. Yaani Mungu wao anapochagua, hafuati nani katangulia kuzaliwa! Hapo nilisimama nikamwomba asome tena. Kwa dakika zile peke yake ningemlipa mara mbili.

Penye jengo la hazina ya mfalme kuna mchongo wa mfalme kitini na mrithi amesimama nyuma yake. Mwenzake uko makumbusho ya Tehran. Wengine husema ni Darius na Xerxes, wengine Xerxes na mwanawe. Alitueleza pande zote mbili bila kutulazimisha.

Dosari ipo. Naqsh-e Rostam, kwenye makaburi ya wafalme yaliyochongwa juu jabalini, tulifika jua la utosini tukapewa nusu saa tu. Hapo ndipo alipozikwa Darius, aliyefariki mwaka 486 KK akijiandaa kuizima Misri iliyoasi, na kaburi lake ndilo pekee kati ya yale manne lenye maandishi ya kulitambulisha. Mauaji ya Xerxes ya mwaka 465 KK, na jinsi mwanawe Artaxerxes alivyorithi baada ya kaka yake mkubwa kuuawa, tulisimuliwa garini tukirudi. Mgahawa tuliopelekwa mchana ulikuwa ghali na wali umepoa.

Ukimkodi mwongozaji, patana naye mapema muanzie makaburini alfajiri, kabla ya mabasi, na chakula mchukue chenu.