Mistborn: The Final Empire, kwa wapenda nadharia wa Mtwara

Kwa wasomaji wa Mtwara mnaopenda kukisia kanuni za uchawi kwenye riwaya za fantasia, anzeni na hii ya Brandon Sanderson ya mwaka 2006. Iko kwa Kiingereza na sura za mwanzo ni nzito, lakini uchawi wake unapimika, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mtumiaji humeza chembe za metali, kisha "huzichoma" tumboni. Chuma huvuta metali iliyo karibu, feleji husukuma. Uzito ndio huamua nani asogee: ukisukuma sarafu iliyo hewani, inaruka yenyewe, ikigota ardhini, unaruka wewe. Ni kama upondo pale Msangamkuu: ukisukuma mtumbwi mtupu unaondoka mtumbwi, ukisukuma gati unaondoka wewe. Mwandishi anaishikilia kanuni hii hata kwenye mapigano makali, ndiyo maana anayekisia kwa makini hupatia.

Upande wa miungu, nadharia nyingi huharibika kwenye hesabu. (Kama hujamaliza kitabu cha tatu cha mfululizo huu, cha 2008, ruka aya hii.) Watu huiweka atiamu, metali adimu ya hadithi hii, kwenye jedwali la metali 16 kwa sababu kitabu cha kwanza huihesabu pamoja na nyingine, kumbe ni mwili wa mungu, haimo humo. Itoeni kwanza, ndipo mlinganishe hizo 16 na vipande 16 vya Adonalsium, nguvu ya kimungu iliyovunjika katika ulimwengu wa vitabu vya Sanderson.

Kasoro kubwa: ukimtoa Vin, mhusika mkuu, wanawake wenye uzito kwenye hadithi ni wachache mno. Someni kwa mpangilio, na kurasa za mashabiki msizifungue kabla ya kumaliza vyote vitatu.