Uzoefu wangu: Dakika 20 mbele ya Sólheimajökull

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari nchini Uingereza, na si muda mrefu uliopita, karibu na Pasaka, niliwapeleka wanafunzi wangu Aislandi kupitia kampuni inayoandaa safari za shule, ambayo sitaitaja jina. Tuliporudi, mzazi mmoja Mtanzania, ambaye binti yake alikuwamo msafarani, aliniuliza kama ningewashauri wazazi wengine waitumie kampuni hiyo. Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa jumla safari ilikuwa nzuri. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nikae kuandika haya.

Nitatenda haki kwanza: kuhusu siku mbili za mwanzo sina la kulalamikia. Vitanda vilikuwa safi, chakula kilitosha, na pale Þingvellir, mahali ambapo bunge la nchi hiyo lilianza kukutana mwaka 930, wanafunzi walipita kwa miguu ndani ya mpasuko wa Almannagjá na kuelewa papo hapo jambo ambalo nilikuwa nimelichora ubaoni mara nyingi, kwamba bamba la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana kwa takribani sentimita 2 kila mwaka. Niliwaeleza kuhusu Bonde la Ufa letu, ambalo nalo linapanuka ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi, na maswali waliyoniuliza yalikuwa ya watu waliokwisha kuona kwa macho. Chemchemi ya Strokkur ilirusha maji yake ya moto juu kila baada ya dakika chache, wakapiga kelele za furaha. Hadi hapo nilikuwa mtu mwenye shukrani.

Siku ya tatu ndiyo tuliyoisubiri. Sólheimajökull ni barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka kutoka kwenye barafu kuu ya Mýrdalsjökull, na chini ya barafu hiyo kuu imelala volkano ya Katla, ambayo mlipuko wake wa 1918 uliyeyusha barafu nyingi kiasi kwamba mafuriko yalisomba mchanga na kuisogeza pwani ya kusini ndani ya bahari. Moto na barafu viko mahali pamoja, na majivu ya milipuko ya zamani yanaonekana kama mistari myeusi ndani ya barafu yenyewe. Kuna jambo jingine lililonifanya nipachague mahali hapo: tangu 2010, wanafunzi wa shule ya Hvolsskóli, iliyoko katika mji mdogo wa Hvolsvöllur, wamekuwa wakienda kila mwaka kupima ukingo wa barafuto hiyo umerudi nyuma kiasi gani, na pale ambapo zamani palikuwa na barafu sasa pana ziwa linalozidi kukua. Wanafunzi wangu walikuwa wamejiandaa kwa mwezi mzima. Walitaka kusimama pale waliposimama wenzao wa rika lao, na kuchora ramani yao wenyewe ya ziwa. Ratiba tuliyolipia ilisema tutatembea juu ya barafu kwa saa mbili, tukiwa tumevaa kofia ngumu na vyuma vyenye meno chini ya viatu.

Asubuhi ile tulichelewa kuondoka Reykjavík kwa sababu kiongozi wa msafara alichelewa kufika. Hilo ningelisamehe, kwani kila mtu huchelewa. Kisha akatusimamisha kwenye duka la sweta za sufu na vikumbusho, akatuacha humo kwa zaidi ya saa nzima, huku mimi nikimfuata mara tatu kumkumbusha saa. Tulipofika kwenye maegesho ya Sólheimajökull alisimama mbele ya basi akatangaza kwamba muda wa kutembea juu ya barafu umekwisha kupita, kwamba tuna dakika 20, na kwamba barafu inaonekana vizuri kutoka pale pale, kwa hiyo tushuke tupige picha. Kutoka maegesho hadi ukingoni mwa ziwa ni mwendo wa kama robo saa. Nilimwomba walau tufike huko. Akasema haiwezekani, saa za kazi za dereva zingepita. Dereva, mzee mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aligeuka akasema kwamba saa zake bado zipo nyingi na kwamba yuko tayari kuwasubiri watoto. Kiongozi akamtazama, kisha akanigeukia mimi, akaniambia mbele ya wanafunzi wangu kwamba kwa mtu aliyetoka Afrika hata kuiona barafu kwa mbali ni jambo kubwa.

Mimi nimekulia Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Bibi yangu alikuwa akitoka nje alfajiri na kuitazama Kibo, kilele cha mlima huo chenye barafu, kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, na kwa jinsi wingu lilivyokaa aliweza kutuambia kama siku hiyo tuanike maharage au tuyaache ndani. Barafu ile imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na nilichagua kusoma jiografia kwa sababu nilitaka kujua inakwenda wapi. Nimeitazama barafu ikipungua tangu utoto wangu. Mtu huyo hakujua lolote kati ya hayo, wala hakuuliza. Aliona ngozi yangu, akaona inatosha.

Nilinyamaza. Niliona kwamba watoto wananitazama, na nilidhani kuwa mwalimu akifoka mbele ya wanafunzi huharibu zaidi ya anachotengeneza. Sasa sina hakika tena. Binti wa yule mzazi alikuwa ameshika daftari lake likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa ramani, na aliporudi kwenye kiti chake alilifunga bila kuandika kitu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kampuni hii ni nzuri ila mchague kiongozi wenu kwa uangalifu, kwa maana kosa la mtu mmoja lisiwaangukie wote. Nilikuwa nikilishikilia wazo hilo mpaka nilipoisoma upya barua waliyonijibu baada ya malalamiko yangu. Barua hiyo inazungumzia hali ya hewa, ingawa siku ile anga lilikuwa wazi kabisa. Inasema palikuwa na matarajio tofauti baina ya pande mbili. Inanipa punguzo kwa safari ijayo. Kuhusu duka haisemi kitu, na kuhusu maneno niliyoambiwa mbele ya watoto, ambayo nilikuwa nimeyaandika neno kwa neno, hakuna hata sentensi moja. Kosa la kiongozi lilikuwa la mtu mmoja. Barua hiyo ilipita mikononi mwa ofisi nzima.

Kwa hiyo jibu nililompa yule mzazi ninalifuta. Msiitumie. Najua kwamba bei yake ni nafuu kuliko nyingine, na najua kuwa kwa shule nyingi bei ndiyo inayoamua kama watoto watakwenda au watabaki. Kwa anayelazimika, basi adai kwa maandishi saa ya kuondoka, muda wa kukaa kwenye barafu, na fedha zirudishwe ikiwa muda huo haukutimizwa. Dereva yule simhesabu humu. Tulipokuwa tukirudi alipunguza mwendo katika mji wa Hvolsvöllur, bila kuombwa na mtu, na kuwaonyesha watoto shule ya wapimaji wale kupitia dirishani, na hicho ndicho kitu pekee cha siku ile ambacho wanafunzi wangu wanakisimulia kwa furaha.

Msimu wa vuli tunarudi, kundi dogo zaidi, na binti yule ni wa kwanza kwenye orodha. Mara hii nimewaandikia moja kwa moja waongozaji wa barafuto walio kule kule kusini.