Hadithi za African Storybook kwa darasa langu la Makete

Nafundisha Kiingereza darasa la tatu huku Makete. Kwa watoto wangu ni lugha ya tatu: nyumbani Kikinga, shuleni Kiswahili, halafu ndiyo hiki cha kitabuni. Na kitabu chenyewe kimoja, wanaking'ang'ania wanne.

Tangu muhula uliopita natumia hadithi za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ni za bure, zimepangwa kwa viwango, na leseni yake huria inakuruhusu kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha, ili mradi umtaje mtunzi. Hapo ndipo nilipoipenda. Hadithi moja ilihusu maembe, na kwa baridi yetu mwembe uote wapi? Nikaweka viazi, nikachapa steshenari ya Makambako, nikashona kurasa kwa uzi wa gunia. Binti mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye kipindi changu akaweka kidole chini ya neno "potato", akalisoma, kisha akaniangalia usoni kuona kama amepatia. Alikuwa amepatia. Nilishindwa kuendelea na somo kwa muda.

Kasoro ipo: picha za rangi zikichapwa nyeusi na nyeupe hufifia, mengine hayaonekani kabisa. Mtandao nao hapa ni wa kuvizia, kwa hiyo napakua nikiwa mjini.

Nakala nimempa mwalimu wa shule jirani kwenye flashi. Juzi kanirudishia na mbili alizozitafsiri yeye mwenyewe, za Kiswahili, safi kabisa.