Nyota nne kati ya tano kwa picha za PET za Baba

Tumepanda basi la usiku kutoka Mwanza mara tatu, Sirari tukigongewa mihuri macho yamevimba usingizi, kumpeleka Baba Nairobi kupiga picha ya PET, ile inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi, kama uvimbe wa saratani, zikiwaka. Ana saratani ya mapafu, na kila wiki 3 anatundikiwa dripu ya pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na uvimbe.

Kabla ya picha anafunga kula kwa muda wa saa 6, maji tu. Fundi mitumbwi aliyezoea ugali na sato asubuhi, mtamsikia! Wanampima sukari kidoleni, wanamchoma sindano ya sukari yenye mionzi, kisha analala kimya saa nzima, hata kuongea hapana. Mhudumu alimfunika blanketi mbili. Nikadhani ni ukarimu, kumbe mtu akisikia baridi kuna mafuta ya shingoni huwaka nayo, picha ikachafuka. Mashine yenyewe ni dakika 20 hivi.

Nyota niliyokata ni ya safari ya pili. Ile dawa ya sindano yenye mionzi ilichelewa, tukakaa mpaka saa 9 alasiri, mzee hajala tangu usiku, na hakuna aliyetoka kutuambia neno. Najua haiwekwi stoo, maana kila dakika 110 nguvu yake inabaki nusu. Lakini kusema "samahani mzee" hakuhitaji mashine.

Picha hiyo ya pili, baada ya wiki 12, ndiyo iliyonitoa machozi. Mitoki ya kifuani iliwaka kuliko mwanzo na ripoti ikaandika ugonjwa umeongezeka. Daktari wetu hapa Mwanza akaweka picha mbili sambamba, akamgeukia Baba: unakula? Unakohoa? Baba akajibu wiki ile alikuwa Mwaloni akiziba mtumbwi wa mtu. Daktari akatueleza kwamba askari wa kinga wakiuvamia uvimbe nao wanakula sukari, kwa hiyo panawaka. Hakutupa matumaini ya bure: mara nyingi panapoonekana pamekua, pamekua kweli. Ila kwa mgonjwa mwenye nguvu vile, dawa iendelee, picha irudiwe baada ya wiki 6.

Ya tatu, mitoki imefifia, na doa la pafu la kulia limebaki kama punje ya choroko. Tezi ya shingo, ile ya homoni (thyroid), ndiyo iliyowaka safari hii. Kinga ilikuwa imeishambulia nayo, damu ikathibitisha, sasa anameza kidonge kila asubuhi. Kwa hilo tu nauli yangu imerudi.

Mkienda, rudini kwenye mashine ileile, na muda wa kusubiri baada ya sindano uwe uleule, la sivyo picha hazilinganishiki vizuri. Mwenye kisukari aseme mapema anatumia dawa gani. Na msiondoke kaunta bila CD. Mara ya kwanza tulipewa karatasi tu, ikabidi shangazi apande basi kuifuata.