Siku tatu Québec na mama: usiishie ndani ya kuta

Julai iliyopita nilimpeleka mama mji wa Québec, Canada, tukitokea Montréal anakoishi kaka yangu. Kwa treni ni zaidi ya saa tatu. Mama ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na magoti yake hayataki tena kupanda. Mji wenyewe nusu uko juu ya jabali, nusu chini kando ya mto, basi nilikuwa na wasiwasi.

Kilichotuokoa ni kile kigari cha reli kinachopanda jabali, wenyewe wanakiita funiculaire. Kimekuwapo tangu 1879. Unakipandia mtaa wa Petit-Champlain, na kufumba na kufumbua uko Terrasse Dufferin, chini ya hoteli ya Château Frontenac, mto Saint-Laurent wote umetandaa mbele yako. Mwenye mzee asihangaike na ngazi.

Mji huu aliuanzisha Mfaransa Samuel de Champlain mwaka 1608, na kuta zake za ngome, karibu kilomita 4.6, bado zimeizunguka sehemu ya kale ya juu. Mama alizipapasa, akasema kwa fahari kwamba Fort Jesus ni mkubwa wao. Ni kweli, ilianza kujengwa 1593. Ila kilichonigusa zaidi hakikuwa ngome. Tulipopita Rue Couillard, kaka alitusimulia habari za mtoto aliyeletwa hapa na Waingereza walipouteka mji mwaka 1629, umri wake miaka kama 7, akauzwa. Baadaye akaishia kwa mlowezi Mfaransa, Guillaume Couillard. Alibatizwa akaitwa Olivier Le Jeune, na akafariki 1654. Inaaminika alitoka Madagascar, yaani Bukini. Mama alisimama palepale. “Mtoto wa Bukini,” akasema, “kafikishwa huku kwenye theluji?” Akamwombea dua kabla hatujasogea. Tangu hapo mtaa ule kwangu si wa kupiga picha tu.

Siku ya pili tulifanya kosa: tulikata tiketi ya basi la watalii kwenda nje ya mji. Kwenye maporomoko ya Montmorency tulipewa dakika 20. Maji yanaanguka mita 83, marefu kuliko Niagara, halafu unaambiwa kimbia upesi! Mama hakufika hata kwenye daraja la juu. Kesho yake tukakodi gari, tukarudi kwa raha zetu. Kuna gari la kamba la kukupandisha, na daraja linapita juu kabisa ya maporomoko. Unasikia mngurumo hadi kifuani.

Ng’ambo yake ndiyo Île d’Orléans, kisiwa cha wakulima. Hapo ndipo ningewaomba watu watoe siku nzima. Barabara inakizunguka kisiwa chote, na Julai ni msimu wa stroberi: wakulima wanauza kwenye vibanda mbele ya mashamba yao. Tulinunua vikapu viwili, kimoja hakikufika kwenye gari. Mama alitaka kujua mbolea wanayotumia, kaka akawa mkalimani, na yule bibi shambani akamjibu kwa kirefu kama wanaojuana.

Kuhusu lugha: huko Kifaransa ndicho lugha ya nyumbani. Anza na “Bonjour” kabla ya shida yako, kama tunavyoanza na “Hujambo” au “Shikamoo”. Aliyeanza kwa salamu alihudumiwa vizuri, hata Kifaransa chake kikiishia hapo. Ukiingia dukani na Kiingereza moja kwa moja, watakuelewa, ila uchangamfu ule huupati.

Na usikose feri ya Lévis, mji wa ng’ambo ya mto. Ni dakika kama 10 tu kuvuka. Mama aliipa jina siku ya kwanza: “Hii ndiyo Likoni yao.” Panda jioni, na wakati wa kurudi kaa nje, jua likiwa linazama nyuma ya Château na taa za jabalini zinaanza kuwaka. Chukua sweta, hata Julai. Mama alijifunika leso mbili na bado hakutaka kuingia ndani.