Karani alidhani nimekuja kutafuta pasipoti

Kama unapanga kwenda Italia kutafuta ukoo wenu, usianzie ofisi ya manispaa. Nasema hivi bado nikiwa na hasira.

Babu mzaa mama alikuwa mfungwa wa vita, mmoja wa wale Waitaliano waliojenga barabara ya zamani ya kuteremka Mai Mahiu, Kenya, na lile kanisa dogo la 1942 pale kando. Alirudishwa kwao mama akiwa bado ananyonya. Shosho, yaani mama yake mama, alituachia vitu viwili tu, jina lake na jina la mji, kamji kadogo kako juu ya mlima huko Basilicata, kusini mwa Italia.

Nilituma imeili mbili kabla sijatoka nyumbani, kimya. Nikapanda basi kutoka Potenza, nikapiga foleni, zamu yangu ikafika, na yule karani hata hakuangalia karatasi yenye jina, aliniangalia mimi tu kisha akasema uraia siku hizi ni mgumu, sheria imebadilika. Uraia! Nani ametaja uraia? Najua wajukuu kutoka Argentina na Brazil wamewajazia ofisi maombi mpaka sheria ikakazwa 2025, hiyo naelewa kabisa, lakini si ungeniuliza kwanza? Nikamwambia kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, nataka tu kujua mama yake babu aliitwa nani. Akasema niandike ombi nisubiri, na hapo hapo akaita mtu wa nyuma yangu. Watu wote wananiangalia. Sijawahi kuaibishwa hivyo mbele ya watu.

Nilikuwa nataka kusema mji mzima haufai. Hapana, hayo nayafuta, kwa sababu nilienda kulia machozi kwa ngazi za kanisa na mzee mmoja mwenye funguo akanishika mkono akanipeleka kwa padre. Padre hakuuliza pasipoti wala nini, alitoa kitabu cha ubatizo, akafungua taratibu na vidole vyake, na haikuchukua hata nusu saa. Babu huyu hapa. Baba yake. Mama yake, Filomena. Nililia tena mbele ya padre wa watu.

Halafu pembeni mwa ukurasa kuna maandishi ya wino mwingine, huwa wanaandika hapo mtu akioa. Alioa hapo hapo kwao, miezi michache tu baada ya kurudi. Na shosho aliuliza barua posta mpaka uzeeni.

Nimempigia mama nikamwambia jina la Filomena, akafurahi sana. Hayo ya pembeni bado sijamwambia.